Bangi na baridi yabisi: Maumivu kutulia si uvimbe kuisha

Na MWANDISHI WETU

MTU anayeugua baridi yabisi huijua alfajiri kwa machungu yake. Vidole havikunjiki, kikombe cha chai humponyoka mkononi, na kufunga vifungo vya shati huwa kazi ya kutoa jasho. Saa moja au zaidi hupita kabla ya mikono kulegea.

Mgonjwa wa aina hii akisikia kwamba kuna mafuta yaliyokamuliwa kutoka kwa bangi, ambayo yanadaiwa kumaliza uvimbe wa viungo bila tembe za hospitalini, si ajabu atege sikio. Matangazo ya mafuta hayo yametapakaa katika mitandao ya kijamii, na aghalabu huandamana na maneno kwamba wanasayansi wamekwisha kuthibitisha uwezo wake.

Je, madai hayo yana ukweli? Yana ukweli kiasi, na kiasi hicho ndicho kinachofanya uongo uliobaki uaminike. Katika maabara, baadhi ya kemikali za bangi zimepunguza uvimbe wa viungo vya panya. Kwa binadamu, lililoonekana hadi sasa ni nafuu ya maumivu na usingizi bora, tena kwa wagonjwa wachache waliofuatiliwa kwa muda mfupi. Hakuna utafiti ulioonyesha kwamba bangi huzuia mifupa ya mgonjwa isiliwe.

Tofauti baina ya mambo hayo mawili, maumivu na uvimbe, ndiyo inayoweza kuamua iwapo mgonjwa ataendelea kuitumia mikono yake miaka kumi ijayo.

Kinga inapomgeukia mwenyewe

Kwanza ni vyema kueleza maradhi yenyewe. Watu wengi hulitumia jina baridi yabisi kwa kila aina ya maumivu ya viungo, yakiwemo jongo na magoti ya wazee yaliyochakaa. Isitoshe, jina lenyewe huwafanya wengi waamini kwamba ugonjwa huu huletwa na baridi.

Baridi yabisi inayozungumziwa hapa ni ile ambayo kinga ya mwili, badala ya kupigana na viini vya magonjwa, huvishambulia viungo vya mwenyewe. Baridi ya asubuhi inaweza kuyazidisha maumivu, lakini siyo inayoleta ugonjwa.

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), watu milioni 18 ulimwenguni walikuwa wakiishi na maradhi haya mwaka wa 2019. Takriban asilimia 70 kati yao ni wanawake.

Kila kiungo kinachokunjika, kama vile kifundo cha kidole au goti, kimezungukwa kwa ndani na utando mwembamba unaotoa majimaji ya kukilainisha. Kinga inapokosea adui, chembechembe zake hufurika katika utando huo. Utando hunenepa, hupata joto na kuuma. Hali hiyo ndiyo tunayoiita uvimbe katika makala haya, na haihusiani na uvimbe wa saratani.

Chembechembe hizo huwasiliana kwa protini maalumu. Mashuhuri zaidi ni ile inayofahamika kama TNF, pamoja na nyingine ziitwazo IL-1 na IL-6. Protini hizi hufanya kazi kama mbiu ya mgambo: zikipulizwa, chembechembe zaidi huja mbio, na hizo nazo hutoa protini zaidi.

Mbiu hiyo isiponyamazishwa, utando ulionenepa huanza kuila gegedu, yaani ile sehemu laini inayofunika ncha za mifupa, na hatimaye mfupa wenyewe. Uharibifu huo mara nyingi huanza mapema, hata katika miaka miwili ya kwanza ya ugonjwa. Mfupa ukishaliwa na vidole vikapinda, hakuna tembe ya kuvirudisha vilivyokuwa.

Kilichomo ndani ya bangi

Mmea wa bangi una kemikali zaidi ya 100 za jamii inayoitwa kanabinoidi. Mbili kati yazo ndizo zilizochunguzwa zaidi.

Ya kwanza ni THC, ambayo ndiyo inayomlevya mvutaji. Ya pili ni CBD, ambayo hailevyi. Umbo la CBD lilifafanuliwa mwaka wa 1963, na la THC mwaka wa 1964, katika maabara ya mwanakemia wa Israeli, Raphael Mechoulam, aliyefariki mwaka wa 2023.

Kwa muda mrefu wanasayansi hawakujua ni kwa nini kemikali za mmea zina nguvu katika mwili wa binadamu. Jibu lilianza kupatikana mwaka wa 1988, watafiti wa Marekani walipogundua kipokezi kinachonasa THC katika ubongo. Kipokezi hicho huitwa CB1. Mwaka wa 1993, watafiti wa Cambridge, Uingereza, walitambua kipokezi cha pili, CB2, ambacho hupatikana zaidi katika chembechembe za kinga.

Kati ya matukio hayo mawili, mwaka wa 1992, kundi la Mechoulam lilipata kemikali ambayo mwili wenyewe huitengeneza na ambayo hunaswa na kipokezi hicho cha ubongo. Waliipa jina la anandamide, kutokana na neno la Kisanskriti lenye maana ya furaha. Ilibainika basi kwamba mwili una mfumo wake wa asili wa aina hii, na bangi hubisha tu mlango ambao tayari upo.

Mfumo huo haumo katika ubongo pekee. Mwaka wa 2008, watafiti wa Uingereza waliripoti kwamba vipokezi vya CB1 na CB2 vimo pia katika utando wa viungo vya watu wenye baridi yabisi. Vilevile, walizikuta kemikali za mwili zinazofanana na za bangi katika majimaji ya viungo vya wagonjwa, ilhali hawakuzipata kwa watu wazima wa afya.

Kwa hivyo, wazo kwamba bangi inaweza kugusa uvimbe wa viungo si porojo. Kipokezi cha CB2 kikiamshwa, chembechembe za kinga huelekea kupunguza makali. CBD nayo hufuata njia nyingine, kwani hainaswi vyema na vipokezi hivyo viwili. Miongoni mwa mambo mengine, huongeza kiasi cha adenosini nje ya chembe, na adenosini ni kemikali ya mwili inayotuliza kinga. Inaaminika kuwa methotreksati, dawa kuu ya baridi yabisi, nayo hutuliza uvimbe kwa kupitia adenosini.

Panya walivyopona

Utafiti unaotajwa sana na wauzaji wa mafuta ya CBD ulichapishwa mwaka wa 2000. Ulifanywa katika Taasisi ya Kennedy jijini London, kwa ushirikiano na Mechoulam na wenzake.

Watafiti waliwasababishia panya ugonjwa wa viungo unaofanana na baridi yabisi, kisha wakawapa CBD baada ya dalili kuanza. Ugonjwa ulipungua makali, viungo vya panya hao vilikingwa dhidi ya uharibifu, na chembechembe za utando wa viungo vyao zilitoa TNF kidogo zaidi. Kipimo kilichofanya kazi vizuri kwa njia ya mdomo kilikuwa miligramu 25 kwa kila kilo ya uzani wa panya.

Mwaka wa 2016, watafiti wa Chuo Kikuu cha Kentucky, Marekani, waliwapaka panya wenye goti lililovimba jeli ya CBD kwenye ngozi. Uvimbe na dalili za maumivu vilipungua.

Aidha, mwaka wa 2020 watafiti wa Ujerumani waliitia CBD katika chembe zilizotolewa kwenye viungo vya wagonjwa wa baridi yabisi. Chembe hizo zilipunguza utoaji wa IL-6, na baadhi zikafa.

Haya yote ni matokeo ya kweli, yaliyopatikana na wataalamu wenye sifa. Hata hivyo, panya si mtu, wala chembe zilizo ndani ya chupa ya maabara si mgonjwa.

Kwa binadamu hali ni tofauti

Utafiti wa kwanza uliodhibitiwa barabara kwa wagonjwa wa baridi yabisi wenyewe ulichapishwa mwaka wa 2006 nchini Uingereza. Ulihusisha wagonjwa 58 na uliendelea kwa wiki tano. Wagonjwa 31 walipewa Sativex, dawa ya kupuliza mdomoni yenye THC na CBD kwa viwango vinavyokaribiana. Wengine 27 walipewa dawa ya kupuliza isiyo na kemikali hizo, bila wao kujua.

Waliopewa Sativex walipata nafuu ya maumivu, wakiwa wametulia na hata waliposogea, na walilala vizuri zaidi. Kipimo cha jumla cha ukali wa ugonjwa nacho kilishuka. Ugumu wa viungo wa asubuhi haukubadilika.

Ni vyema msomaji azingatie mambo matatu kuhusu matokeo hayo. Kwanza, wagonjwa hao waliendelea kutumia dawa zao za kawaida muda wote. Pili, kipimo hicho cha ukali hujumuisha idadi ya viungo vinavyouma na maoni ya mgonjwa kuhusu hali yake, pamoja na viungo vilivyofura na kipimo cha damu. Anayepungukiwa na maumivu atapata alama bora hata kama uvimbe umebaki pale pale. Tatu, wiki tano hazitoshi kuonyesha iwapo mfupa umekingwa.

Tafiti za baadaye kuhusu CBD pekee zimevunja moyo zaidi. Mwaka wa 2022, watafiti wa Denmark walichapisha matokeo ya wagonjwa 136 wenye maumivu ya viungo. Wengine walikuwa na viungo vya mikono vilivyochakaa, na wengine walikuwa na ugonjwa wa viungo unaoandamana na soriasisi ya ngozi, ambao nao hutokana na kinga iliyokosea. Baada ya wiki 12 za kumeza miligramu 20 hadi 30 za CBD kwa siku, maumivu yao yalipungua kwa kiwango sawa na ya wale waliomeza tembe tupu.

Mwaka wa 2023, watafiti wa Vienna, Austria, waliwapa wagonjwa wenye magoti yaliyochakaa miligramu 600 kwa siku, ambacho ni kiwango kikubwa mno. Hapakuwa na tofauti na wale waliopewa dawa tupu.

Maradhi ya magoti yaliyochakaa si baridi yabisi, lakini somo lililopo linawahusu wote: nafuu ambayo mtu huisikia baada ya kutumia kitu alichokitumaini sana si lazima iwe imeletwa na kitu hicho. Baridi yabisi yenyewe hupanda na kushuka. Mtu hununua mafuta siku ambayo maumivu yamefika kilele, nayo yakishuka kwa kawaida yake, mafuta ndiyo yanayopewa sifa.

Kwa nini panya wapone na watu wasipone? Sababu mojawapo ni kipimo. CBD inayomezwa huingia katika damu kwa uchache, takriban asilimia sita tu, kwa kuwa sehemu kubwa huharibiwa na ini kabla ya kufika inakotakiwa. Tena, panya huugua kwa majuma machache katika mazingira yaliyopangwa, ilhali binadamu huishi na ugonjwa huu kwa miaka na mikaka.

Njia iliyopitiwa na dawa nyingine

Ili kuelewa ushahidi kamili unavyokuwa, msomaji hana haja ya kutoka katika taasisi ile ile ya London. Marc Feldmann, mmoja wa waandishi wa utafiti wa panya wa mwaka wa 2000, ndiye ambaye pamoja na Ravinder Maini waligundua kwamba kuizuia TNF kunatuliza baridi yabisi.

Wao pia walianza na chembe za maabara, kisha panya. Lakini hawakuishia hapo. Mwaka wa 1992 waliwapa dawa ya kuzuia TNF wagonjwa wa kwanza, ambao idadi yao ilifika 20. Tafiti kubwa zaidi zilifuata. Mwaka wa 2000, utafiti wa wagonjwa 428 ulionyesha kwa picha za eksirei kwamba dawa hiyo ikiunganishwa na methotreksati, kuliwa kwa mifupa huzuilika.

Picha hizo za eksirei ndizo ambazo bangi haijazipata. Mechoulam na Feldmann walifungua mlango, lakini baada ya zaidi ya miaka 20 hakuna aliyeonyesha kwa wagonjwa kwamba mifupa yao ilisalimika kwa CBD au THC.

Mwaka wa 2019, Chama cha Madaktari wa Maradhi ya Viungo cha Canada, nchi ambayo imehalalisha bangi, kilitoa msimamo kwamba bangi haiwezi kuchukua nafasi ya matibabu ya kawaida.

Hatari ya kuacha dawa

Hapa ndipo penye kiini cha jambo hili. Tuchukue mfano wa mama anayetumia methotreksati, ambaye kila wiki huhisi kichefuchefu baada ya kumeza tembe zake. Anaanza kutumia mafuta ya bangi, analala vizuri, maumivu yanatulia. Anaamua kuacha tembe.

Kwa miezi kadhaa anaweza kuamini kwamba amefanya uamuzi wa busara. Lakini maumivu ni king'ora tu. Anayekizima king'ora bila kuuzima moto atalala usingizi mtamu huku nyumba ikiteketea. Mama huyo atakaporudi hospitalini kwa sababu vidole vimeanza kupinda, gegedu iliyoliwa haitarudi.

Methotreksati ina kero zake, na kero hizo zina tiba. Dawa hiyo hutumiwa mara moja tu kwa wiki. Kuimeza kila siku kwa makosa kunaweza kuua. Daktari huandamanisha nayo tembe za asidi foliki ili kupunguza kichefuchefu na vidonda vya mdomo, na hupima damu mara kwa mara kuchunguza ini. Mama mjamzito hapaswi kuitumia kabisa. Anayeshindwa kuivumilia anaweza kubadilishiwa dawa, na anayehitaji dawa za kuzuia TNF hupimwa kwanza kifua kikuu, kwa kuwa dawa hizo zinaweza kuuamsha ugonjwa huo uliolala mwilini.

Fauka ya hayo, kuchanganya CBD na dawa hizo si jambo la kufanywa kiholela. CBD kwa viwango vikubwa imeonekana kupandisha vipimo vya ini, nayo methotreksati hulielemea ini lilo hilo. CBD pia huzuia vimeng'enya vya ini vinavyosaga dawa nyingi, ikiwemo warfarini ya kuzuia damu kuganda, ambayo inaweza kurundikana mwilini na kusababisha kuvuja damu.

Kuna pia suala la kilichomo ndani ya chupa. Mwaka wa 2017, watafiti nchini Marekani walichapisha matokeo ya kupima bidhaa 84 za CBD zilizonunuliwa kwenye intaneti. Ni asilimia 31 tu zilizokuwa na kiasi cha CBD kilichoandikwa kwenye kibandiko. Bidhaa 18 zilikuwa na THC, kemikali inayolevya. Ikiwa hali ilikuwa hivyo huko, mnunuzi wa chupa isiyojulikana ilikotoka ana kila sababu ya kutahadhari.

Wanaofikiria kuvuta bangi nao wana la kujifunza. Uvutaji wa sigara hujulikana kuongeza uwezekano wa kupata baridi yabisi na kufanya dawa zisifanye kazi vyema. Moshi wa bangi una sumu nyingi zinazopatikana katika moshi wa tumbaku.

Sheria yasemaje

Nchini Kenya, Sheria ya Kudhibiti Dawa za Kulevya ya mwaka wa 1994 inaharamisha kukuza, kumiliki na kuuza bangi. Maumivu ya viungo si kibali cha kuivunja.

Ni kweli kwamba Desemba 2020, Tume ya Umoja wa Mataifa kuhusu Dawa za Kulevya ilipiga kura 27 dhidi ya 25 kuiondoa bangi katika orodha ya dawa zilizowekewa vikwazo vikali zaidi. Kura hiyo ilitambua kuwa bangi inaweza kuwa na manufaa ya kitabibu, lakini haikuihalalisha katika nchi yoyote. Kila taifa liliachiwa sheria zake.

Vivyo hivyo, dawa ya CBD iliyoidhinishwa nchini Marekani mwaka wa 2018 ilikuwa ya aina adimu za kifafa cha watoto. Haikuidhinishwa kwa baridi yabisi.

Afanye nini mgonjwa?

La kwanza ni kupimwa mapema. Mtu ambaye viungo vyake vimefura kwa zaidi ya wiki sita, hasa viungo vidogo vya mikono na miguu ya pande zote mbili, na ambaye huamka akiwa amekakamaa, anafaa kumwona daktari na kuomba aelekezwe kwa bingwa wa maradhi ya viungo. Dawa za kutuliza maumivu za dukani zisimcheleweshe.

La pili ni kusema ukweli. Iwapo tayari anatumia mafuta ya bangi au dawa nyingine yoyote ya kienyeji, amweleze daktari bila kuficha. Daktari asiyejua hawezi kueleza ni kwa nini vipimo vya ini vimepanda.

La tatu ni kuuliza swali linalofaa. Akiambiwa kwamba kitu fulani kinatibu baridi yabisi, asitosheke na habari kwamba fulani sasa analala vizuri. Aulize: je, kimeonyeshwa kuzuia mifupa ya watu isiliwe? Methotreksati na dawa za kuzuia TNF zina jibu la swali hilo. Bangi bado haina.

Huenda siku moja ikawa nalo. Wanasayansi wanaendelea kutafuta kemikali zitakazokiamsha kipokezi cha CB2 bila kumlevya mtu, na haitakuwa ajabu iwapo dawa ya kesho itatokana na mmea huu ambao umepigwa marufuku kwa miongo mingi. Hadi hapo, wahenga walikwisha kutuasa kwamba mwacha mbachao kwa msala upitao hujuta. Kwa mgonjwa wa baridi yabisi, majuto hayo huandikwa kwenye mifupa ya vidole vyake.